Koti la Nikeli Liwe Jembamba

Keza mwanangu,

Kuna mlio mmoja ambao sijawahi kumweleza mtu. Ni mdogo sana. Umewahi kumwona Bibi yako akimbana chawa kati ya kucha mbili, ukasikia anavyopasuka? Huu ni mdogo kuliko huo. Ni mlio wa uzi wa kioo unapokatika ndani ya koti lake la nikeli. Huoni ulipokatikia, maana chuma kimeufunika, na ukiushika mkononi utaapa ni mzima. Lakini ukimulika taa upande huu, upande wa pili kunabaki giza.

Niliusikia mara ya kwanza nikiwa chuo, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeinamia beseni la dawa, uzi mmoja mkononi, simu ikaita. Alikuwa Bibi yako, kutoka Nyakitonto. Hakusalimia. Alisema tu, "Sikiliza mwenyewe," akaiweka simu kifuani kwako. Ulikuwa mtoto wa miaka mitatu. Nikasikia pumzi zako zinakwaruza kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Vidole vyangu vikakaza bila mimi kuviambia, na uzi ukalia. Ti. Pumzi zile siku hizi nikitaka kuzikumbuka lazima nijilazimishe. Mlio wa uzi haujaniacha.

Kesho asubuhi unapanda basi la Singida kwenda kuanza kidato cha kwanza. Sasa jua linashuka, wewe uko uani unaosha vyombo, na unaimba. Nimekaa upande wa ndani kabisa wa chumba, mbali na dirisha, kwa sababu ukiona kivuli changu utanyamaza. Hilo nalo limo katika haya ninayotaka kukuambia.

Sitakuandikia habari za soksi na dawa ya meno, wala usalimie walimu. Sanduku umelipanga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Ninachotaka ni kujibu swali lako. Mwezi uliopita, tukiwa tunakula, uliniuliza, "Mama, mimi ninaumwa nini?"

Nikakujibu, "Huumwi kitu. Kula, ugali unapoa."

Uliniangalia kidogo, kisha ukala. Hukuuliza tena. Nilijua umenisikia jana yake nikiongea kwenye simu na Mwalimu Consolata, yule niliyesoma naye, ambaye sasa ni matroni wa bweni unalokwenda. Nilimwambia una pumu. Huna pumu, Keza. Hujawahi kuwa nayo. Nitakueleza nilifikaje hapo, na njia yenyewe inapita katika kazi yangu, maana ndiyo njia pekee ninayoijua vizuri.

Watu wakikuuliza mama yako anafanya kazi gani, huwa unawajibu, "Anavisha nyuzi." Wanadhani ni fundi cherehani. Mimi huwa sikusahihishi, kwa sababu jibu lako ni zuri kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye cheti changu. Uzi wa kioo unaopitisha mwanga ni mwembamba kama unywele. Kiwandani wanauvisha plastiki, na plastiki inatosha kwa nyuzi zinazolala ardhini, kama zile za mkongo wa intaneti ninazoitwa kwenda kuziunga kila greda linapozikata njia ya Kasulu. Lakini zile ninazotengeneza chumbani nyuma ya duka la Baba Rukia zinaingia ndani ya transfoma, kwenye mafuta ya moto, kupima joto mahali ambapo kipimo cha waya kingechanganywa na umeme. Huko plastiki haifai. Tena uzi lazima upenye ukuta wa chuma, na tundu lake lizibwe kwa risasi ya kulehemu pasivuje hata tone. Na risasi haishiki kioo. Inateleza kama maji kwenye jani la gimbi. Kwa hiyo kioo lazima kwanza kivae chuma.

Umeniona nikifanya mara nyingi, ukiwa umekaa juu ya kreti la soda karibu na mlango, kwa sababu nilikukataza kusogea. Navua plastiki. Naosha. Nachovya uzi kwenye dawa ya bati, halafu kwenye dawa ya paladi, ambayo ni kidogo mno, lakini bila hiyo nikeli haioni pa kushika. Kisha naushusha ndani ya beseni la kijani lililo juu ya moto mdogo, moto wa maziwa, na tunasubiri vipovu. Vilipoanza kupanda kandokando ya uzi, wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele, "Umekubali!"

Unakumbuka siku Baba Rukia alipochungulia?

"Injinia, leo unapika nini? Mbona mchuzi wa kijani?"

"Navisha nyuzi, Baba Rukia."

"Na huyo mtoto umemfunga kamba kwenye kreti?"

"Humu mna asidi."

"Humu mna asidi, nje kuna bodaboda, sokoni kuna mbwa, juu kuna mvua. Sisi kwetu Tanga mtoto wa umri huu ungemkuta ameshauza mihogo mtaa mzima na karudi na chenji pungufu. Huyu mvishe nikeli kabisa, tujue moja!"

Ulicheka mpaka kreti likayumba. Mimi nikamjibu, "Ingewezekana ningemvisha." Nilidhani ninatania.

Nilikuzaa nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Baba yako alikuwa amekwishakwenda zake Mwanza. Hayo unayajua, na hayana kinyongo tena. Matokeo yalitoka mazuri. Wakati wa kwenda chuo ulipofika, ulikuwa umeanza kutembea kwa kushika ukuta. Bibi yako akakuchukua mgongoni, akanisindikiza hadi barabarani, akasema, "Weye nenda. Usigeuke." Sikugeuka. Kwa miaka mingi nilijivunia kwamba sikugeuka.

Ile siku ya simu ulilazwa Kasulu. Ilikuwa nimonia. Ulipona na kurudi nyumbani kabla mimi sijatoka kwenye chumba cha mtihani, na nilipofika likizo ulikuwa mzima, umenenepa, umejificha nyuma ya kitenge cha Bibi. Akakusukuma mbele, akasema, "Msalimie mama." Ukanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, ukasema kwa adabu zote, "Shikamoo anti."

Watu wote pale uani walicheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Huko kisimani niliapa, bila shahidi, kwamba nikimaliza masomo hakuna kitu kitakachokugusa tena bila kunipitia mimi kwanza. Nami ni mtu wa kutimiza, unanijua. Nilikuleta hapa Kibondo ukiwa darasa la kwanza. Nilikusindikiza shule hadi wenzako wakaanza kunisalimia kama mwalimu. Nilikukataza mto, nilikukataza miti, nilikuvalisha sweta hata jua likiwa kichwani. Kumbe walikuwa wakikuita Sweta. Ulinificha jina hilo muda mrefu sana, na nilipolisikia kwa mtoto wa jirani nilikasirika naye, nikadhani tatizo ni utani.

Sasa sikiliza habari ya kazini.

Mwaka jana nyuzi zangu zilianza kukatika. Nilikuwa nazifunga vizuri, nazituma kwa basi kwa wale wanaotengeneza vipimo vya transfoma, na zikifika huko baadhi zina giza. Nyingine zilikatika papa hapa mezani, mkononi mwangu. Ti. Kila nilipousikia ule mlio nilirudi kwenye simu ya Bibi yako. Nikaamua kwamba koti ni jembamba. Nyuzi zilizofuata nikaziacha kwenye beseni muda mrefu, na zilizofuata muda mrefu zaidi, mpaka nilipozitoa zilikuwa hazipindiki. Nilizigonga mezani hazikulia. Nililala vizuri usiku huo. Nikazituma.

Jumapili yake kwaya yenu ikaenda Busunzu. Ulinisihi, kwa maneno machache kama kawaida yako, niache uende na wenzako. Nikasema sawa, kisha nikapanda gari lilelile. Nikakaa benchi la tatu kanisani, mahali ambapo ningekuona kifua. Ulisimama mstari wa mbele na sweta lako. Midomo yako ilikuwa inafuata maneno, lakini sauti haikutoka. Nilimwona mwalimu wa kwaya anakutupia jicho. Nilijiambia: afadhali, asijichoshe.

Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa. Alikuwa fundi wa kule ninakotuma nyuzi, kijana mchangamfu.

"Mama, nyuzi zako safari hii ni ngumu kama spoku za baiskeli! Tumezibamiza, hazikatiki."

"Ndivyo nilivyotaka," nikasema.

"Ila hazipitishi."

"Hazipitishi nini?"

"Mwanga, mama. Unaingia mwingi, unatoka kidogo. Kama unavuja njiani."

"Zimekatika?"

"Hata moja. Ndiyo maajabu yenyewe. Nzima kabisa, lakini hazipitishi."

Nikakata simu, nikabaki nimeegemea matofali. Na hapo ndipo nikaisikia ile sauti. Ilitoka dirishani juu ya kichwa changu, ikapanda juu ya sauti za wengine wote, bila kuogopa, kama mtu anayefungua milango ya nyumba yake mwenyewe mmoja baada ya mwingine. Karibu yangu alikaa mama mmoja ananyonyesha. Nikamsalimia kwa Kiha, mwidiwe, nikamuuliza, "Sauti ya nani hiyo?"

"Si huyo wa mbele, wa Kibondo. Yule mwembamba mwenye sweta."

"Hapana," nikamwambia. "Yule haimbi."

Akanitazama kama anaangalia mgonjwa. "Haimbi? Basi huyo anayetuzibua masikio ni mdudu?"

Nikachungulia. Ulikuwa umefumba macho na umefungua mdomo mpaka lile jino lako la pembeni likaonekana. Nikarudi ndani taratibu, nikakaa kwenye benchi langu la tatu. Ukafumbua macho, ukaniona. Sauti ikazimika. Nikatoka tena nje. Baada ya muda, ikarudi.

Nilibaki nje mpaka ibada ikaisha. Uliponikuta pale nilikuambia kulikuwa na joto ndani.

Kesho yake nilichukua uzi mmoja kati ya zile nilizobaki nazo, nikauchomekea taa nyekundu upande mmoja na kupima upande wa pili. Kweli, mwanga ulikuwa hafifu. Nikaushusha kwenye maji ya moto, mwanga ukaongezeka. Nikautoa, ukapoa, ukafifia. Nikaushusha tena, ukarudi. Nilirudia na kurudia kama mtoto anayecheza na swichi. Nilikuwa nimesoma jambo hilo chuo, nikalijibia mtihani na kusifiwa: nikeli ikipoa inasinyaa kuliko kioo. Koti likiwa jembamba, kule kusinyaa hakuna nguvu ya kumdhuru mtu. Likiwa nene, linaukaba uzi kila mahali, linautia vipindo vidogo ambavyo hata darubini yangu haivioni, na kwenye kila kipindo mwanga kidogo unatoka nje na kufia kwenye chuma. Hakuna aliyeukwaruza. Hakuna aliyeuangusha. Ulinzi ndio uliokuwa unaubana.

Na zile za kwanza, zilizokuwa zinakatika? Hizo nazo nilizitazama. Koti lao halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kabla hata ya beseni. Nilikuwa na haraka, navua plastiki kwa kisu badala ya kuilainisha kwa dawa, na kisu kiliacha mikwaruzo kwenye kioo, myembamba mno. Nikeli ilipokuja juu ikaifunika, ikang'aa, nikaridhika. Mkwaruzo uliofunikwa hauponi, mwanangu. Unasubiri siku ya kuvutwa. Nilikuwa nimeondoka kwa haraka mahali fulani, nikaacha mkwaruzo, kisha nikakaa miaka naongeza chuma juu yake.

Ungedhani baada ya hapo nilijua la kufanya. Beseni nilirekebisha siku ileile. Ila majibu ya shule yalipotoka, nikaona jina lako na neno Singida, mkono ukakaza palepale. Nikampigia Consolata.

"Anakuja kwako mwanangu," nikamwambia. "Ila ana pumu."

"Masikini! Tangu lini?"

"Tangu mdogo."

"Basi nitamlaza chumba kinachopakana na changu. Mchakamchaka asubuhi hatakimbia. Na huku vumbi na upepo, unajua. Je, kwaya?"

Nilinyamaza kidogo tu, Keza. Nataka ujue kwamba nilinyamaza.

"Kwaya pia hapana," nikasema.

"Usijali, Mama Keza. Kila jioni nitakuwa nakupigia kukupa hali."

Nikashukuru. Nilijisikia kama siku ile nilipozigonga zile nyuzi mezani hazikulia. Kesho yake ukaniuliza unaumwa nini.

Nimelifikiria swali lako kila siku tangu hapo. Ungefika shule ambako hakuna anayekujua, mahali ambapo kwa mara ya kwanza ungeweza kuwa mtu yeyote umtakaye, na kitu kilichokutangulia getini kingekuwa ugonjwa nilioutunga mimi. Ungelala peke yako ng'ambo ya ukuta wa matroni. Wenzako wangekimbia mchakamchaka wakiimba, wewe umekaa barazani na sweta. Na usingeweza hata kubisha, kwa sababu ungekuwa unambishia mama yako.

Wiki iliyopita tulikwenda Nyakitonto kuaga. Nakumbusha kwa sababu najua wewe utakumbuka vicheko tu. Bibi alitoa kopo lake la mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akakukalisha kwenye kigoda, akaanza kukupaka miguu.

"Kwa hiyo mke mwenzangu unakwenda, unaniachia mume peke yangu?"

"Mchukue tu, Bibi. Mimi nimemchoka. Anakoroma."

"Anakoroma! Na meno hana. Nani atamtafunia karanga?"

"Mtafunie wewe mke mkubwa."

Babu yako alisikia kutoka ndani, akakohoa kwa makusudi, mkazidi kucheka. Kisha ghafla, wakati Bibi anakupaka shingoni, ukauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kunitazama, "Bibi, ile siku niliyougua, niliumwa sana?"

"Ego, uliumwa," akasema. "Siku chache. Tulipokurudisha kutoka Kasulu ulishuka tu ukaanza kumkimbiza jogoo." Akachota mafuta mengine, akayasugua viganjani. "Aliyeumwa mpaka leo ni mama yako. Avelina, hebu njoo na weye."

Nikamwambia nina blauzi ya kazini. Akasema blauzi ikae kando. Basi nikavua viatu, nikakaa chini, mtu mzima na shahada zangu, mama yangu akanipaka mise usoni kama mtoto anayepelekwa kliniki. Wewe ukasema, "Mama unang'aa kama kambale." Kwenye gari la kurudi abiria walikuwa wanafungua vioo kwa sababu ya harufu yetu. Hukunishika mkono njiani, lakini uliniegemea. Niliogopa nikisema kitu utaacha.

Jana nilizimalizia zile nyuzi nene zilizorudishwa. Nilizitia kwenye asidi, kidogo kidogo, nikeli ikayeyuka ikaacha maji ya kijani, na kioo kikabaki kitupu kama siku ya kwanza. Niliziosha, nikatazama kila moja kwenye mwanga kama ina mkwaruzo. Zilizokuwa nao nilizitupa. Zilizobaki nikazivisha upya, koti jembamba, la kutosha risasi kushika na basi. Vipovu vilipoanza hapakuwa na mtu kwenye kreti. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Umekubali."

Usinielewe vibaya. Uzi mtupu haufiki popote. Unyevu tu wa hewa unatosha kuuvunja. Utahitaji kuvaa kitu. Utahitaji rafiki mmoja wa kumwambia ukweli, na akili ya kujua nani wa kumpa mgongo, na siku nyingine hata sweta, maana Singida upepo si mchezo. Lakini hayo utayachagua wewe. Na kama siku moja utaona kwamba kitu kinachokulinda ndicho kinachokuzima, usijilaumu kwa kutoshukuru. Kiambie kilegee, hata kama kitu hicho kina jina langu. Huenda nitakasirika. Huwa nakasirika kwanza, naelewa baadaye, na baadaye yangu inachelewa, nisubiri.

Jambo moja zaidi. Ulinitii hata ulipojua nimekosea. Nilikuwa naita tabia hiyo upole, nikajisifu kwa watu kanisani kwamba nina mtoto mpole. Sasa nadhani ulikuwa unanilinda. Ulikuwa umegundua, mapema kuliko mimi, ni nani kati yetu anayeweza kuvunjika. Kazi hiyo haikuwa yako. Nakuvua leo.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga majirani, nilimpigia Consolata.

"Keza hana pumu," nikamwambia. "Nilikudanganya."

Nikasikia kengele ya shule inalia kwao. "Mama Keza wee! Na kitanda nimeshamtengea!"

"Mpe mwenye shida. Keza alale na wenzake, popote watakapompangia. Akimbie mchakamchaka. Na kwaya ni shauri lake, sina neno."

"Na zile simu za jioni?"

"Usinipigie. Akitaka atanipigia yeye."

"Utaweza?"

"Sijui," nikasema, na hilo nalo lilikuwa neno la kweli. Atakupokea stendi ya Singida, kama anavyowapokea wageni wote wa bweni, halafu ataendelea na kazi zake.

Kisha nikaenda ofisi ya basi. Unajua tulikuwa na tiketi mbili. Nilikuwa nimeshakata zote mbili siku nyingi, wewe kiti cha dirishani, mimi cha pembeni, nikufikishe, nikutandikie kitanda, nilale mjini siku mbili tatu nikichungulia getini. Nikaiweka ya kwangu kaunta, nikamwambia kijana wa pale kwamba siendi.

"Kwa hiyo dogo anasafiri mwenyewe, dada?"

"Mwenyewe. Mwalimu wake atampokea."

"Yuko fiti lakini? Maana njia ndefu hii, wengine wakiugua njiani wanamsumbua konda."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikajisikia mdomo unafunguka kutafuta ile hadithi ya zamani, haikuwapo.

"Mwanangu ni mzima," nikasema. "Hana ugonjwa wowote."

Akalikata jina langu kwa kalamu. Kwa hiyo kesho kiti cha dirishani ni chako, cha pembeni atakaa mtu nisiyemjua, na mimi nitabaki stendi.

Mama